Suruali Zisizoraruka

Nchi ninayoisimulia haina jina, na naomba msinisaidie kulitafuta. Atakayesema anaijua amesema yeye, sikumtuma. Mimi nilikuwa, na Mungu akipenda bado ni, Afisa Mwandamizi wa Madirisha katika Wizara ya Jasho. Kazi yangu ni kufungua madirisha ya ukumbi wa mikutano hotuba zikizidi joto, na kuyafunga upepo ukianza kupeperusha ajenda. Kwa hiyo niliyoyaona niliyaona vizuri, na niliyoyasikia niliyasikia nikiwa nimewapa watu mgongo, jambo ambalo kwa maoni yangu linanitoa kwenye lawama.

Wizara ya Jasho inawaangalia wananchi wote wanaokula kwa mikono yao: waashi, mafundi bomba, wachomeleaji, wapaka rangi na mafundi vigae. Kuwaangalia ni neno zuri. Siku moja, katika kuwaangalia huko, Wizara iligundua kwamba wananchi hawa huenda kazini na suruali walizojichagulia wenyewe. Huyu kavaa jinzi ya mtumba, yule kavaa kaki aliyorithi kwa mjomba aliyekuwa mgambo, mwingine anachanganya zege na suruali ya suti aliyoolea. Serikali iliona aibu. Mtu ambaye hata mbunge wake tunamsaidia kumchagua, anaachiwaje suruali?

Ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Uteuzi wa Suruali za Kazi. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Dakta Tunu Kilindo, mama mwenye sauti ya upole na udaktari wa heshima aliotunukiwa na chuo ambacho mkuu wake ni yeye. Wajumbe walitoka Mipango, Itifaki, Utabiri wa Mafanikio, na idara nyingine ambazo suruali zake huchakaa kwa kupigwa pasi. Kila kitu kilikuwa tayari, mpaka mtu mmoja alipouliza kwa bahati mbaya kama kuna mjumbe aliyewahi kutoka jasho kwa sababu isiyokuwa homa. Ikaamuliwa atafutwe mwakilishi wa wafanyakazi, na atafutwe karibu, ili chai isipoe.

Karibu palikuwa chini ya miguu yetu. Wakati ule sakafu ya ukumbi ilikuwa inawekwa vigae vipya, na mafundi wake walikuwa wawili, Zamoyoni na Makame. Walikuwa wakifanya kazi pamoja tangu ujana. Mmoja alitandaza saruji kwa mwiko, mwingine alilaza kigae na kukigonga kwa nyundo ya mpira mpaka pimamaji iseme ndiyo. Walipiga magoti kwenye gunia moja lililokunjwa, bega kwa bega, na sakafu ilivyosonga mbele wao walilivuta gunia nyuma kwa pamoja bila kuambizana. Magoti ya suruali zao yalikuwa na viraka juu ya viraka, na chini ya viraka, ngozi yenyewe ilikuwa imeota sugu.

Ofisa alipowaambia anatakiwa mmoja kwenye kamati, walitazamana. Makame ndiye aliyeamua.

"Mchukueni Zamoyoni, anajua kuongea. Sakafu nitamaliza mwenyewe." Kisha akamgeukia mwenzake, akampangusa vumbi la saruji begani. "Nenda Zamo. Kayasemee magoti yetu."

Nakumbuka maneno hayo kwa sababu nilikuwa nikifungua dirisha la karibu nao. Sikuyatafuta.

Zamoyoni alipewa kiti. Naomba msikipite haraka kiti hicho, maana ndicho kilichotufikisha tulipofika. Kilikuwa cha ngozi, chenye magurudumu na mgongo unaorudi nyuma taratibu ukiuegemea. Mtu aliyeshinda maisha yake kwenye gunia alikaa pale, magoti yake yakakunjuka, na nikauona uso wake ukilegea kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino lililomsumbua. Alikizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. Wajumbe wakacheka kwa upendo. Akaletewa chai ya maziwa.

Mfanyabiashara alileta sampuli mbili. Ya kwanza ilikuwa ya turubai nene, mshono mara mbili, na kila goti lilikuwa na kitambaa cha ziada chenye mfuko wa kutia sponji. Ya pili ilikuwa ya kaki laini, nyembamba kwenye goti, lakini nyuma, pale pa kukalia, imeongezwa kitambaa cha pili na cha tatu. Swali likawa namna ya kuzijaribu. Kuzijaribu kwa kazi kulionekana ni ubaguzi, kwa kuwa kazi ni nyingi na kila moja ina mikao yake. Anayechomelea hurukiwa na cheche, mwashi hupanda ngazi, fundi bomba hulala chini ya sinki. Kamati ikatafuta tendo moja linalofanywa na wananchi wote bila kujali fani, na baada ya mjadala mrefu ikalipata. Ni kukaa.

Kwa hiyo wajumbe walizivaa suruali na kukaa. Walikaa asubuhi, wakapumzika kwa kukaa kwenye viti vingine, wakarudi kukaa. Sampuli ya turubai ilimkwaruza mapaja mjumbe wa Itifaki, akaomba iandikwe kwamba ina dharau. Ile ya kaki haikumkwaruza mtu. Ilikaliwa wiki nzima, na ilipogeuzwa ili ikaguliwe, nyuma yake ilikuwa nzima. Ukumbi ulipiga makofi, wengine kwa kusimama, jambo ambalo nadhani liliharibu jaribio kidogo.

Ndipo mjumbe mmoja kijana, ambaye siku hizi yuko ubalozi wa mbali sana, alipouliza habari za magoti. Dakta Kilindo aliondoa miwani. Alisema anashukuru kwa swali, ila swali lenyewe linamsikitisha. Alisema kumtilia raia sponji kwenye goti ni kumwandaa kupiga magoti, na taifa hili lilikwisha kusimama, tena lilisimama kwa gharama. Akasema kama ni kumpigia magoti Mkuu wetu Asiyechoka, mapenzi ya kweli hayahitaji sponji. Halafu akakigeukia kile kiti cha ngozi.

"Mwakilishi wa wafanyakazi yupo. Ndugu Zamoyoni, wewe ndiye mtaalamu. Kuna ubaya wowote na suruali hii?"

Zamoyoni alitia mkono chini ya meza. Kutoka dirishani nilimwona akilipapasa goti lake, pale penye sugu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Mlango ulikuwa wazi. Kizingitini, Makame alikuwa kwenye gunia akigonga vigae, na kila pigo lilisikika.

"Hakuna ubaya, Mheshimiwa," alisema.

Waliokubali wakaombwa kunyoosha mikono. Iliinuka yote, na wa kwake ukiwemo. Kisha mwenyekiti alitangaza kwamba, kutokana na mchango wake wa kijasiri, mwakilishi wa wafanyakazi amekuwa mjumbe wa kudumu, na kiti anabaki nacho. Zamoyoni alipotoka ilimbidi apite kando ya gunia. Makame aliinua uso na mwiko mkononi, akamwuliza kama amewaambia. Zamoyoni alisema mambo ya kamati ni marefu, bwana, akapita. Tangu siku hiyo alikuwa akiingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, ule wa viongozi, ingawa ulikuwa mbali na nyumbani kwake na ulimzungusha jengo zima.

Suruali zilizinduliwa uwanjani. Mkuu wetu Asiyechoka alikuja mwenyewe, akainua moja juu kwa mikono miwili, akatamka kwamba haziraruki. Hakusema ni imara, wala hakusema zinadumu. Alisema haziraruki, na neno la Mkuu katika nchi ile lina nguvu ya sheria, na mara nyingine nguvu ya hali ya hewa. Bendi ilipiga. Suruali za zamani za wafanyakazi zilikusanywa zikatiwa moto, viraka na vyote, na kila fundi akarudi nyumbani na kaki mpya yenye nyuma nene kama mto.

Saruji haikuwa na habari ya uzinduzi. Kabla mwezi haujaandama mara ya pili, magoti yalianza kuachia. Mafundi vigae walitangulia, wakafuata mafundi bomba, kisha wale wanaopaka rangi chini ya kuta. Suruali ilikuwa ikiraruka goti zima, nyuma bado inang'aa. Wachomeleaji walisema cheche ikidondoka pale kwenye goti inaingia ndani bila hodi. Wake za mafundi walianza kushona viraka, na fundi mmoja aliyekwenda Wizarani kulalamika alijibiwa kwa heshima kwamba amekosea. Suruali hizi haziraruki, kwa hiyo kilichoraruka si suruali.

Mambo yangeweza kubaki hivyo, maana nchi ile ina uvumilivu. Ila siku moja msafara wa Mkuu ulipita barabara iliyokuwa ikijengwa, na wafanyakazi wakapangwa kando kushangilia. Mkuu alitazama dirishani. Aliona magoti. Yalikuwa mengi, meusi, yamechungulia nje ya kaki pande zote mbili za barabara. Inasemekana aliuliza swali moja tu: hawa wanampigia nani magoti?

Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba suruali alizosema haziraruki zimeraruka. Swali likabaki swali, likashuka kutoka gari hadi gari, na lilipofika kwenye gari la mwisho lilikuwa sheria. Sheria ya Magoti ilisema kwamba, kwa kuwa suruali ya kazi hairaruki kwa kazi, yeyote atakayekutwa imemrarukia magotini ataeleza alimpigia nani magoti. Na atakayekutwa na kiraka ataeleza zaidi, kwa kuwa amejaribu kuficha.

Makame alikutwa na vyote viwili. Goti la kulia lilikuwa limeraruka, la kushoto lilikuwa na kiraka alichokata kwenye lile gunia. Walimkamatia palepale mlangoni pa ukumbi, akiwa amebakiza kipande cha sakafu. Walipomwuliza alikuwa akimpigia nani magoti, alijibu kwamba alikuwa akiipigia sakafu. Ofisa alirudi kutuambia kwamba mshukiwa anaabudu sakafu na kwamba anashangaza kwa jinsi asivyojuta.

Zamoyoni hakula siku ile. Hili nalijua kwa sababu andazi lake nililila mimi. Alikaa kwenye kiti chake akiutazama ule mlango, na kile kipande cha saruji tupu ambacho wajumbe walikuwa wakikiruka kwa kuinua pindo za suruali. Kesho yake alikwenda mahabusu na akaniomba nimsindikize, kwa kuwa ofisa wa madirisha huruhusiwa kuingia popote penye dirisha. Nilikagua nondo. Walikaa kwenye benchi, bega kwa bega kama zamani.

Zamoyoni hakujua aanzie wapi. Alimwuliza kama wanampa chakula, kama mgongo unamsumbua, kama nyumbani wanajua. Makame alijibu yote kwa utulivu, kisha akamshika mkono.

"Usijitese, Zamo. Najua uliwaambia. Walikushinda kwa kura, basi."

Zamoyoni alifungua mdomo. Nilisimama na kitambaa changu kwenye nondo nikisubiri, na nitawaambieni wazi kwamba nilitamani aseme, nikatamani pia asiseme mbele yangu. Akaufunga. Akainamisha kichwa kwa namna ambayo mtu akitaka anaweza kuiita kukubali. Makame alimpigapiga mgongoni. Yeye ndiye aliyekuwa ndani, na yeye ndiye aliyekuwa akifariji.

Njiani Zamoyoni aliniambia atasema mahakamani. Aliniambia mara nyingi, kila baada ya nguzo ya umeme, kama anayehofu nitasahau mimi. Alisema hawezi tena kuegemea kile kiti. Akiegemea anausikia mkono wa Makame unampangusa vumbi begani.

Kesi ilisikilizwa ukumbini kwetu. Kwa kuwa ilihusu suruali, na hakimu wa kawaida hana utaalamu huo, Dakta Kilindo aliteuliwa kuisikiliza. Wajumbe wa kamati wakawa wazee wa baraza. Makame aliwekwa kizimbani na suruali yake ile ile, goti nje, na hakuruhusiwa kukaa, ili isije ikasemwa kwamba mahakama iliharibu ushahidi upande wa nyuma. Watu walijaa hadi kwenye korido. Nilifungua madirisha yote.

Zamoyoni aliitwa kama mtaalamu wa Serikali. Dakta Kilindo alimkaribisha kwa tabasamu, akamwambia akae. Hakukaa. Aliulizwa kama suruali hii, iliyokaliwa na kamati nzima bila kutoka uzi, inaweza kuraruka goti kwa kazi halali. Alikuwa ameivaa yake, ile ya ujumbe, imenyooshwa mpaka mstari wake ungeweza kukata sabuni. Kila mtu alijua kwamba akisema ndiyo amemwita Mkuu mwongo, na akisema hapana amemfunga rafiki yake.

Hakusema lolote kati ya hayo. Alitembea mpaka mlangoni, kwenye saruji tupu. Vifaa vya Makame vilikuwa bado pale, hakuna aliyevigusa, ila gunia lilikuwa limechukuliwa kama ushahidi. Akapiga magoti. Aliburuta kigae, akakilaza, akakigonga, akasogea nyuma. Akalaza kingine. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatafuta ukingo wa gunia ambalo halikuwepo. Alisogea tena, na hapo suruali ikararuka. Ilianza goti moja, likafuata la pili, kwa sauti ndefu kavu iliyosikika mpaka korido.

Alipogeuka alikuwa anatazama kizimbani, na bado hajainuka.

"Hakuna aliyenishinda kwa kura, Makame. Waliniuliza nikasema hakuna ubaya. Nilinyoosha mkono. Nisamehe."

Alikuwa analia waziwazi, mtu mzima, magoti nje mbele ya Serikali. Na nitasema jambo ambalo si la kiofisa: uso wake ulikuwa umepata nafuu. Ulikuwa umelegea kama siku ile alipokalia kiti.

Dakta Kilindo aliondoa miwani. Kisha, kwa sauti yake ya upole, alimwuliza shahidi alikuwa akimpigia nani magoti sasa hivi.

"Makame," alisema Zamoyoni. "Nampigia Makame."

Nilimwona akilielewa neno lake baada ya kulitoa. Alitaka kuinuka, sugu zikamkatalia, akashika ukuta. Lakini mwenyekiti alikwisha kuvaa miwani.

"Mahakama imejionea kwa macho yake," alisema. "Shtaka kwamba mshtakiwa alipiga magoti tunalifuta. Mshtakiwa hapigi magoti. Mshtakiwa anapigiwa. Na katika nchi hii anayepigiwa magoti ni mmoja, na hayumo humu ndani."

Wazee wa baraza waliguna kwa kustaajabu jinsi kosa lilivyokuwa kubwa kuliko walivyodhani. Shahidi alipongezwa kwa kumfichua mtu aliyemwingia akilini kiasi hicho, akahesabiwa kuwa mwathirika. Ikabaki habari ya ile sauti. Dakta Kilindo alisema mahakama haikuona suruali yoyote ikiraruka, kwa kuwa haziraruki, ila kulisikika kitu, na haki lazima itendeke hata kwa sauti. Akanigeukia. Akauliza Afisa wa Madirisha alisikia nini.

Nilijibu kwamba ni upepo. Na upepo ulikuwepo, yeyote aliyekuwa pale anaweza kushuhudia, madirisha yote yalikuwa wazi.

Makame alipokuwa anatolewa alipitishwa mlangoni. Askari walimwachia asimame kidogo, labda kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba. Aliviangalia vile vigae vipya, akakirekebisha kimoja kwa ncha ya kiatu, kilikuwa kimekaa upande. Hakuonekana na hasira. Alionekana kama mtu aliyechoka akiwa mbali na kwake.

"Ungeniambia kule ndani, Zamo," alisema. "Tulikuwa wawili tu."

Wakampeleka. Wapi, haikutangazwa, na mimi si mtu wa kuuliza.

Kamati iliendelea. Toleo jipya la suruali limeongezwa kitambaa cha nne nyuma. Zamoyoni bado ni mjumbe wa kudumu, na kwa agizo la daktari wa Wizara haruhusiwi kupiga magoti mahali popote, hata msikitini wanamwekea kiti. Sakafu haijamaliziwa, kwa sababu fundi mmoja hayupo na mwingine amekatazwa. Kiti chake cha ngozi kinateleza vizuri ukumbi mzima mpaka pale vigae vinapoishia, hapo magurudumu yanakwama kwenye saruji. Mara nyingi namkuta hapo jioni wenzake wakishaondoka, amekisukuma mpaka mwisho, anaangalia chini.

Juzi aliniuliza, bila kunitazama, kama kweli siku ile nilisikia upepo. Nikamwambia asubiri kidogo nifunge dirisha. Nikaliendea, nikalishika. Lilikuwa limefungwa.